Mvua za Vuli na Watoto Wetu

Hotuba ya Halmashauri ya Afya, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Marungu



Habari za karo za shule na za hesabu ya fedha mmekwisha kuzisikia kwa wenzetu. Sisi tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni homa ya malaria kwa watoto walio chini ya miaka 5. Hatukuja kuwafundisha malaria ni nini, maana hapana mtu katika mkutano huu asiyeijua kwa mwili wake mwenyewe. Tumekuja kusema juu ya majira ya ugonjwa huu na juu ya mfuko wa Chama, mambo mawili ambayo kwa desturi hayasemwi kwa pumzi moja.

Wazee wajua vyama vya namna hii vilianzaje. Watu wetu walipokwenda kufanya kazi katika reli, katika mashamba ya mkonge na katika nyumba za mijini, jambo la kwanza lililowakusanya lilikuwa msiba. Mtu akifa ugenini, ni nani atakayemrudisha kwao? Ndipo wakachanga senti kwa senti, na hata leo mfuko wa mazishi ndio mfuko ambao hapana mwanachama anayechelewa kuutolea. Hiyo ni sifa, nasi hatusemi mfuko huo uguswe kwa dharau. Tunaloliomba ni kwamba fungu dogo litolewe kila mwaka katika mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, litumike kwa ajili ya watoto ambao wangali hai. Twajua wako wazee wanaoona kwamba fedha za matanga ni amana na haifai kuzipeleka kwingine. Kwa hiyo twaomba mtusikilize mpaka mwisho ndipo mtoe shauri.

Tuanze na hesabu ya majuma, kwa kuwa ndiyo msingi wa maneno yetu yote.

Hapa kwetu tambarare mvua ni mbili. Masika huja kuanzia Machi mpaka Mei, na vuli kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Nasi wa upande wa Voi twaitumainia zaidi vuli. Mvua ya kwanza ikianguka, maji hukaa katika mashimo ya changarawe kando ya barabara kuu, katika mitaro ya reli, na katika nyayo za ndovu na ng'ombe. Mbu jike wa malaria hutaga mayai yake katika maji hayo madogo yenye jua. Katika joto letu yai huwa kiluwiluwi, na kiluwiluwi huwa mbu mwenye mabawa, kwa muda wa siku 8 hivi mpaka majuma mawili. Lakini mbu huyo bado hana ugonjwa. Sharti kwanza amuume mtu mwenye vijidudu vya malaria katika damu yake, kisha vijidudu vikae ndani ya mbu siku 10 au 12 hivi vikikua, ndipo aweze kumwambukiza mtoto. Na mtoto akiisha kuumwa, homa haimpandi kesho yake. Hukaa juma moja au mawili.

Jumlisheni hesabu hiyo wenyewe. Tangu mvua ya kwanza kugonga mabati mpaka watoto kuanza kulala kwa wingi zahanati, ni muda wa mwezi mmoja au kuzidi kidogo. Ugonjwa huu hupiga hodi kabla ya kuingia. Yako maradhi mengi ambayo hayampi mwanadamu nafasi kama hiyo, na twaona ni ajabu kwamba nafasi yenyewe hupita kila mwaka watu wakiwa katika kulima na kupanda.

Wako wasemao kwamba malaria ni taabu ya watu wa Ziwa, si yetu. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Katika uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2020, watoto wa miezi 6 mpaka miaka 14 walipimwa damu katika nchi nzima. Katika sehemu za Ziwa, watoto 19 katika kila 100 walikuwa na vijidudu. Katika sehemu za Pwani, ambazo Taita Taveta imehesabiwa pamoja nazo, walikuwa kama 5 katika kila 100. Mwaka 2015 Pwani ilikuwa 8. Basi hali imekuwa njema zaidi, na tushukuru. Lakini uchache huu una hatari yake. Mtoto anayekulia mahali penye malaria nyingi mwaka mzima, akiokoka miaka yake ya kwanza, mwili wake hujifunza kupigana nayo kwa kiasi fulani. Mtoto wa hapa kwetu huumwa na mbu wachache, msimu hata msimu, na mwili wake haupati mafunzo hayo. Mwaka ambao mvua huzidi kipimo, hukuta watoto wote wako wazi, na wengine waliokwisha kuvuka miaka 5 wako wazi vilevile.

Historia ya nchi yetu imeandika jambo hili kwa machozi. Babu zetu walijenga katika milima ya Dawida, Sagalla na Kasigau kwa sababu nyingi, za vita na za maji, na moja ya faida walizopata ni kwamba katika baridi ya juu vijidudu vya malaria havikui vizuri ndani ya mbu. Nyika ilijulikana kuwa mahali pa homa. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliuteka mlima wa Kasigau, na serikali ya Kiingereza ikawashuku wenyeji kwamba waliwasaidia maadui. Watu wa Kasigau, majirani zetu hawa tunaouona mlima wao tukisimama mlangoni, wakahamishwa kwa nguvu mpaka Malindi. Watu wa mlimani wakatiwa katika joto la pwani, miili yao haijui malaria ya huko. Wengi walikufa kwa maradhi, malaria ikiwa mojawapo, na walionusurika hawakurudi kwao mpaka miaka ya 1930. Twalitaja jambo hili kwa sababu mtoto aliyezaliwa katika mwaka wa ukame, asiyewahi kuumwa na mbu wa malaria, naye akutana na mvua yake ya kwanza kubwa kama mgeni, ingawa amezaliwa papa hapa Marungu.

Sasa tuingie katika habari za kuzuia. Katika wilaya yetu wenyewe palifanyika jaribio kubwa ambalo lilisomwa dunia nzima, nalo lilikuwa Taveta. Kuanzia mwaka 1955 mpaka 1959, wataalamu wa malaria wa Amani, katika milima ya Usambara, waliongoza mpango uliounganisha Taveta kwa upande wa Kenya na Upare kwa upande wa Tanganyika. Nyumba zilipulizwa ndani dawa iitwayo dildrini, kila baada ya miezi kama 8. Mbu aitwaye Anopheles funestus, ambaye hupenda kukaa ndani ya nyumba na kuuma watu, alitoweka karibu kabisa. Mbu mwingine wa ukoo wake, Anopheles rivulorum, akaongezeka mahali pake. Lakini huyu hupenda zaidi damu ya ng'ombe, basi madhara yake kwa watu yakawa madogo. (Ng'ombe nao wangalikuwa na chama chao, nadhari yetu ni kwamba wangaliandika malalamiko.) Malaria katika damu ya watoto ikashuka sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua.

Kisha mwaka 1959 kupuliza kukakoma. Mpango ulikuwa wa majaribio, muda wake uliisha, wataalamu wakafunga masanduku. Mbu hawakurudi siku moja. Walirudi kidogo kidogo, na malaria ikarudi nyuma yao. Waliobaki Taveta walikuwa na mafunzo mengi katika vitabu vya wataalamu, bali katika vitongoji hapakuwa na mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuendeleza. Dawa ile yenyewe leo haitumiki tena, kwa kuwa ni sumu inayokaa muda mrefu mno katika udongo na katika miili. Hatulaumu mtu. Twasema tu kwamba mpango wenye tarehe ya mwisho ulipambana na ugonjwa usio na tarehe ya mwisho.

Jaribio jingine lilifanyika upande wa pili wetu, Makueni katika Ukambani, mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1950. Huko hawakupuliza nyumba. Waligawia watu wengi vidonge vya pirimethamini, vilivyojulikana kwa jina la Daraprim. Dawa ilikuwa mpya na matumaini yalikuwa makubwa. Muda haukupita, vijidudu vya malaria vikaizoea. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1954 katika jarida la madaktari wa Afrika ya Mashariki, na mwaka huohuo wataalamu wa Tanganyika wakatoa habari iliyofanana nayo kutoka Mkuzi, karibu na Muheza. Wanachama wa umri wetu wamekwisha kuona mambo hayo yakirudiwa. Tulikua na klorokwini, tukikunjana uso kwa uchungu wake na kujikuna ngozi usiku kucha. Ikashindwa, na mwaka 1998 Kenya ikachagua dawa ya SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. SP nayo ikashindwa kutibu, na tangu mwaka 2004 Serikali imechagua dawa ya mchanganyiko iitwayo AL. Kumbukeni kwamba ndani ya SP mna ile pirimethamini ya Makueni, ikiwa pamoja na mwenzake sulfadoksini.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kuna habari mpya ambayo vijana wetu wameisoma, nao wametuuliza mara nyingi: mbona katika nchi nyingine watoto wazima hupewa dawa wakati wa mvua ili wasiugue, na sisi hatupewi?

Habari hiyo ni kweli. Katika nchi za Saheli, yaani Mali, Burkina Faso, Nijeri na jirani zao, mvua ni moja tu kwa mwaka, na malaria karibu yote hutokea katika miezi michache. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba huko watoto wa miezi 3 mpaka 59 wapewe SP pamoja na amodiakwini mara moja kila mwezi, katika miezi ile ya mvua. Siku ya kwanza mtoto hupewa dawa zote mbili, na siku mbili zinazofuata hupewa amodiakwini peke yake. Kinga hiyo hudumu muda wa majuma manne hivi, kisha duru huanza tena. Katika majaribio, malaria ilipungua kwa kiasi cha robo tatu kwa watoto waliopewa. Mwaka 2022 watoto wapatao milioni 49 katika nchi 17 walifikiwa.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba Afrika ya Mashariki haifai kwa njia hii, kwa sababu hiyohiyo ya vijidudu kuizoea SP. Lakini mwaka 2021 jaribio lilianzishwa Karamoja, katika nchi ya Uganda, mahali pa wafugaji penye ukame na mvua ya msimu, na watoto waliopewa dawa waliugua kwa uchache sana kuliko wenzao wasiopewa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaondoa mpaka ule wa Saheli, likaziachia nchi zenyewe kutazama ni wapi panapofaa. Mwaka 2024 Kenya nayo ilianza kuijaribu njia hii Turkana, nchi inayopakana na Karamoja.

Basi, je, Marungu? Uamuzi huo ni wa Serikali, nao hutazama mambo mengi: malaria ni kiasi gani, imekusanyika katika miezi mingapi, vijidudu vya mahali pale vimekuwaje. Mvua zetu ni mbili, na idadi yetu ya wagonjwa ni ndogo kuliko ya Turkana. Kama siku moja watakuja kwetu na dawa hizo, tutawapokea. Lakini twamsihi kila mzazi, na twaliweka neno hili wazi katika kijitabu hiki ili lisomwe hata na asiyekuwapo leo: usiende dukani ukanunua SP au vidonge vingine ukampa mtoto mzima kwa kubahatisha, eti umesikia ya Karamoja. Kule dawa hutolewa kwa kipimo cha umri, kwa mchanganyiko maalumu, na wataalamu wakichunguza vijidudu mwaka hata mwaka. Kipande cha kidonge cha dukani hakimkingi mtoto, tena kinaweza kumdhuru, na kinavifundisha vijidudu yale viliyojifunza Makueni.

Hata hivyo kuna jambo ambalo twaweza kulichukua kutoka Saheli na Karamoja bila kungoja ruhusa ya mtu, na jambo hilo ndilo lililotufanya tusimame mbele yenu. Tukiitazama kazi yao kwa makini, twaona kwamba kidonge ni nusu tu. Nusu ya pili ni duru. Kila mwezi wa mvua, katika siku inayojulikana, mtu anayejulikana na mama hupita nyumba kwa nyumba akiwa na orodha ya watoto. Humwita kila mtoto kwa jina. Asiyekuwapo huulizwa yuko wapi, na mwenye homa hapewi kinga bali hupimwa na kutibiwa. Katika mwendo huo mtoto mgonjwa huonekana siku ya kwanza au ya pili ya homa, hali katika vijiji vingi huonekana siku ya nne, wakati amekwisha kulegea.

Watu wa kufanya duru hiyo tunao. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 katika Kenya nzima, ikawapa mikoba ya vifaa, na ikatangaza posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali kuu na nusu kutoka Kaunti. Kila mmoja amekusudiwa kutazama nyumba zipatazo 100. Mahali pa mjini nyumba 100 ni mtaa mmoja. Huku kwetu nyumba 100 ni siku kadhaa za miguu, kutoka kando ya barabara ya Maungu mpaka vitongoji vya chini ya mlima na kuelekea mipaka ya maranchi, na njiani kuna ndovu. Mwanamke anayefanya kazi hiyo hurudi kabla ya jua kuchwa au halali kwake. Posho yaweza kuliwa na pikipiki kabla ya mwezi kwisha. Twaona hapa ndipo Chama kinapoweza kusaidia, pasipo kujifanya Serikali.

Duru tunayoitaka ni nyepesi. Ianze juma la kwanza la Oktoba, irudiwe kila mwezi mpaka Januari, na ifanywe tena wakati wa masika. Mhudumu akifika, atazame kwanza chandarua kiko wapi. Twasema kiko wapi, wala si kama kipo, maana katika nyumba nyingi kipo. Wakati wa kiangazi mbu ni wachache na joto ni jingi, basi chandarua hukunjwa, huwekwa juu ya kabati, au hufanya kazi ya kuwazuia kuku wasile miche. Mvua hurudi, chandarua hakirudi. Na mnajua ya kuwa Pwani yetu ndiyo iliyotoa ushahidi mmojawapo mkubwa wa faida ya vyandarua? Katika jaribio lililofanyika Kilifi katika miaka ya 1990, vyandarua vilivyotiwa dawa ya permethrini vilipunguza vifo vya watoto kwa kiasi cha thuluthi moja, na watoto waliolazwa hospitali kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Kitambaa chenye matundu! Kilichochanika na kishonwe. Uzi na sindano ni vya bei ndogo.

Kuna desturi moja yetu ambayo wataalamu wa mijini hawaijui, nayo yafaa tuiseme wenyewe. Mahindi na kunde zikikaribia kukomaa, jamaa hulala shamba kuwalinda ndovu, wakiwa wamekaa kando ya moto na kupiga debe. Mama akienda, mtoto wa mgongoni huenda naye. Usiku huohuo mbu wako kazini. Hatuwezi kumwambia mtu aache shamba lake liliwe, maana njaa nayo huua watoto. Twashauri mtoto mdogo aachwe nyumbani kwa bibi yake, ndani ya chandarua, ikiwezekana. Na isipowezekana, kichukuliwe chandarua kimoja kikatundikwe katika kibanda cha shamba.

Jambo la maji nalo latugusa. Nchi yetu ni kavu, ingawa bomba la Mzima lapita hapa likipeleka maji Mombasa, na kila nyumba hulimbika maji katika mapipa, matangi na mitungi. Mbu wetu wa malaria wa siku zote hawapendi sana vyombo hivyo, hupenda madimbwi ya nje. Lakini mwishoni mwa mwaka 2022 mbu mgeni wa kutoka Asia, Anopheles stephensi, aligunduliwa Marsabit, naye huzaa vizuri sana katika vyombo vya maji, hata wakati wa kiangazi na hata mjini. Kaunti yetu imekaa juu ya barabara kuu na reli, na mgeni wa namna hii husafiri na mizigo. Basi kila chombo kifunikwe.

Kisha mhudumu aulize habari ya homa. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyohiyo au kesho yake. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu ya kidole, na jibu hutoka kwa muda wa robo saa au dakika 20. Mhudumu asiyekuwa na vipimo ampeleke zahanati. Ikiwa ni malaria, AL hutolewa mara sita katika siku tatu, nayo yafaa inywewe na chakula au maziwa ili mwili uipokee vizuri. Mtoto hucheka siku ya pili, na mama huweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mwingine. Wazee, tusaidieni kwa hili. Neno la bibi katika nyumba lina nguvu kuliko neno letu. Dawa imalizike.

Twaja kwenye jambo gumu, nalo ni degedege. Tangu zamani mtoto akishikwa na mtukutiko, macho yakageuka, watu walisema ni pepo au ni ndege aliyepita juu ya nyumba, na wakamtafuta mganga. Hatukuja kugombana na waganga wetu; wengine ni wanachama waaminifu wa Chama hiki. Lakini degedege yenye homa, katika msimu wa mvua, yaweza kuwa malaria iliyopanda katika ubongo, na saa zake ni chache. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea asiamke, anayepumua kwa shida, au aliyeshikwa na degedege, apelekwe hospitali ya rufaa ya Moi mjini Voi usiku huohuo. Waganga twawaomba wawe wa kwanza kusema, mpelekeni. Sala na dua na zifanywe njiani.

Na hapo ndipo fedha zinapohitajika. Kutoka Maungu mpaka Voi ni kilomita zipatazo 30. Mchana magari ni tele. Saa nane za usiku mwenye gari hutaja bei anayoitaka, na baba hukaa kuomba mikopo kwa majirani huku mtoto akitukutika. Gari la kumpeleka mtoto hospitali na gari la kumrudisha katika sanduku hutoza nauli kwa barabara ileile. Chama hulipa moja ya safari hizo bila kuuliza.

Juu ya chanjo tutasema kwa ufupi. Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria mwaka 2019 katika sehemu za Ziwa. Inasaidia, lakini haiondoi haja ya chandarua wala ya kupima homa. Ikifika Kaunti yetu, majina ya watoto yatakuwa tayari yameandikwa.

Basi twaweka mbele ya mkutano shauri letu. Chama kitoe kila Septemba fungu litakaloamuliwa na ninyi wenyewe. Kwa fungu hilo tununue viatu vya mvua, makoti na tochi kwa wahudumu wa vitongoji vyetu, na uzi wa kushonea vyandarua. Na sehemu kubwa iliyobaki iwekwe kwa mweka hazina kwa ajili ya nauli ya usiku, kwa mapatano na mwenye gari mmoja au wawili, bei ikikubaliwa mchana kabla ya haja kutokea. Mwenye kuitumia hataulizwa kama amelipa ada ya mwaka. Hesabu italetwa hapa kila mwaka, pamoja na idadi ya nyumba zilizofikiwa katika kila duru, na nyumba ambazo hazikufikiwa zitatajwa kwa kitongoji. Wanachama wa Mombasa na Nairobi wasidhani kwamba wao ni wa kutoa fedha tu; twawaomba wasiwalete watoto likizo ya Desemba bila chandarua katika mizigo yao, maana mtoto wa Nairobi akifika huku wakati wa vuli ndiye mgeni kuliko wote.

Iwapo mkutano utaona vyema kulijadili shauri hili mchana baada ya chakula, sisi tuko tayari kujibu. Lakini kazi ya kuandika majina haihitaji fedha, nayo itaanza sasa. Daftari liko juu ya meza ya Katibu, karibu na mlango, na mistari imekwisha kupigwa. Kila mwenye mtoto au mjukuu aliye chini ya miaka 5 aandikishe jina lake, mwezi aliozaliwa, kitongoji, jina la mzee wa nyumba, na kama chandarua kimetundikwa au kimekunjwa.